Mihogo Bwawani

Nilidhani ni pumba. Asubuhi ile niliposimama kwenye tuta la bwawa, juu ya maji palikuwa na kitu cheupe kimetandaa kutoka upande wa mianzi hadi karibu na miguu yangu, chepesi, kikisogea kidogo kila upepo ulipopita. Nikasema moyoni kwamba mama mwenye bwawa amewalisha samaki kupita kiasi. Nikaanza kutafuta maneno mapole ya kumwambia, kwa sababu alikuwa mtu wa kujituma sana na sikutaka kumkatisha tamaa. Kisha nikachuchumaa, nikachota kwa kiganja. Pumba haina macho.

Walikuwa vifaranga wa perege, kila mmoja urefu wa ukucha, tumbo juu. Niliwamwaga, nikasogea hatua tatu, nikachota tena, kana kwamba maji ya pale mbele yangekuwa na habari tofauti. Wale wale. Nikasogea tena. Wale wale. Sijui nilizunguka mara ngapi. Nakumbuka tu kwamba viatu vilikuwa vimejaa matope na nilikuwa nimeacha kuchota, natembea na kiganja kitupu kimekunjwa kana kwamba bado kina maji.

Mama mwenye bwawa akateremka kutoka nyumbani kwake na beseni la chakula cha samaki kichwani.

"Mwakeye, mwalimu," akanisalimia kwa Kiha, kama kawaida ya asubuhi. "Leo umewahi. Chai hata haijachemka."

"Mama," nikasema, "jana jioni uliwaona?"

"Niliwaona vizuri sana. Walikuja juu wote, wamefungua midomo, wanacheza. Niliita mpaka watoto waje waangalie."

Akafika kwenye tuta. Akatazama maji. Beseni likabaki kichwani mwake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Ngoja nieleze taratibu, maana mambo haya yanaeleweka vizuri yakienda kwa mpangilio.

Mimi ni afisa uvuvi. Nilizaliwa pwani, upande wa Tanga, nikasomea samaki wa baharini, halafu ajira ikanileta Kasulu, mahali ambapo ukitaka kuona maji makubwa inabidi usafiri hadi Kigoma mjini. Siku ya kwanza ofisini mwenzangu mmoja aliniuliza kama nimekuja na mtumbwi wangu. Watu wa vijijini waliniita bwana samaki, kwa heshima na kwa utani. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wakulima wa Kasulu, na mara nyingine kushika zamu Kibondo, jinsi ya kufuga samaki kwenye mabwawa ya kuchimba mabondeni.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa mama huyu wa Nyakitonto. Wazazi wake walitoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni, akakulia kambini, akaolewa hapa, na sasa ni raia mwenye shamba lake na meza yake ya dagaa sokoni. Nilichompendea ni kwamba hakusikiliza jambo bila kulifanyia kazi. Ukimwambia kitu Jumatatu, Alhamisi utakikuta kimefanyika. Bwawa lake lilikuwa la kwanza kijijini, na perege wake wazazi walikuwa wamezaa vizuri. Perege jike huatamia mayai mdomoni, hali chakula mpaka watoto waweze kujitegemea, na yeye alikuwa akikaa kwenye tuta akiwahesabu majike wenye mashavu yaliyovimba kama anayehesabu wajawazito wa mtaa.

Kwa kuona bwawa lake, familia nane zilikubali kuchimba ya kwao. Walichimba kwa jembe la mkono, wakati wa kiangazi, kwa kile wanachokiita ikibiri, yaani watu kusaidiana kazi kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Ardhi ya bondeni si kitu cha kuchezea huku. Ndiko kabichi zinakotoka, maharage ya kiangazi na viazi vitamu. Watu wanane walikuwa wametoboa shimo mahali pa chakula chao kwa neno la mwanamke mmoja, na huyo mwanamke kwa neno langu. Mgumu kuliko wote alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Huyu alichimba ili tu asiambiwe aliharibu umoja, na hakuacha kusema kwamba mvua zikianza bila samaki atalifukia shimo lake na kupanda kabichi, na wengine watamfuata.

Siku ya kugawa vifaranga ilikuwa Jumamosi. Niliposimama kwenye tuta na maiti wale wadogo kiganjani ilikuwa Jumatano.

Sasa nirudi nyuma wiki mbili, kwa sababu huko ndiko mambo yalikoanzia, na yalianza kwa furaha.

Nilikuwa nimekaa uani kwake. Alikuwa akichambua dagaa kwenye ungo kwa ajili ya sokoni, wazima huku, waliovunjika kule. Akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Mwalimu, hawa dagaa wana nini? Kuna miezi wanajaa mpaka bei inaanguka, halafu inafika miezi huoni hata mmoja. Huwa wanakwenda wapi?"

Hakuna swali lingine duniani ambalo ningependa kuulizwa zaidi ya hilo. Nilisogeza kigoda. Nikamwambia kwamba mara nyingi hawaendi popote. Ni kwamba hawakukua. Wengi walizaliwa, wakafa wakiwa wachanga, na miezi kadhaa baadaye wavuvi na wachuuzi ndio wanaoona pengo. Nikamweleza kwanza habari ya bahari, kwa kuwa ndiyo niliyoisomea, nikamwambia na ziwa letu la Tanganyika lina tabia ya kufanana nayo.

Alikuwa na sufuria ya maharage jikoni, nikaitumia hiyo. Maji ya bahari, nilisema, ni kama hiyo sufuria: kilicho kizito hukaa chini. Kila kinachokufa juu, samaki, jani, kinyesi, huzama na kuozea kule chini gizani. Huko kuna mbolea ya kutosha, lakini hakuna jua, kwa hiyo haisaidii kitu. Kisha upepo unavuma siku nyingi upande mmoja. Unayasukuma maji ya juu, na yale ya chini, ya baridi, yanapanda kujaza nafasi. Ile mbolea ikikutana na jua, vinaota vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, maji yanakuwa ya kijani. Vijidudu vinakula vijimea, na watoto wa samaki wanakula vijidudu.

"Mtoto wa samaki wa baharini," nikamwambia, "anaanguliwa na kifuko cha kiini tumboni, kama mtu aliyefungiwa chakula cha safari. Kinamtosha siku chache tu. Kikiisha, mdomo wake lazima ukutane na chakula. Upepo ukiwa umewahi, anakikuta. Ukichelewa, bahari nzima imejaa maji na yeye anakufa njaa ndani yake."

Aliacha kuchambua. "Siku chache tu?"

"Chache tu. Ndizo zinazoamua kama mwakani kutakuwa na samaki."

"Kwa hiyo ule uozo wa chini ndio unaowalea."

"Umesema vizuri sana," nikamjibu, na nilimaanisha. "Uozo wa chini ndio maziwa ya watoto wa samaki."

Sentensi hiyo ilinipendeza. Wiki iliyofuata nilikuwa Busunzu, wilaya ya Kibondo, nikaisema tena mbele ya wafugaji kumi na kitu waliokaa kwenye benchi za kanisa. Wakaipenda na wao.

Basi turudi kwenye tuta.

Mama alishusha beseni. Mimi nilifanya nilichozoea kufanya: nilipandisha mkono wa shati, nikaingiza mkono majini hadi kiwiko. Maji ya bwawa yakiwa mazuri huwa ya kijani kiasi kwamba ukizamisha mkono hadi kiwiko, vidole vinaanza kupotea. Haya hayakuwa ya kijani. Yalikuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele, yenye utelezi, na nilipoutoa mkono ulinuka uchachu. Harufu hiyo niliijua. Ukipita nyumba za huku kiangazi unakutana nayo kila kona, na kwa miaka mitatu niliipita bila kujiuliza.

Nikaona kamba. Ilikuwa imefungwa kwenye kigingi upande wenye kina, imeingia majini na kukaza. Nikaivuta. Ilikuwa nzito. Mama akaja akashika nyuma yangu, tukavuta pamoja.

"Polepole," akasema, "kiroba kisije kikapasuka. Hicho ni cha kwanza."

"Cha kwanza?"

"Vingine viko pale na pale. Vyote vinane."

Kiroba kikatoka majini kikitiririsha povu. Ndani yake mlikuwa na mihogo iliyomenywa, imelainika, imekaa tayari kusagika mkononi. Mihogo michungu. Hapa haiwezi kuliwa bila kulowekwa siku tatu nne kwenye maji ili uchungu utoke. Ndipo inaanikwa, inatwangwa, inakuwa unga wa ugali. Kwa kawaida watu huloweka kwenye vidimbwi vya pembeni mwa kijito. Hakuna aliyewahi kuloweka bwawani kwa samaki. Nilimuuliza kwa sauti ambayo niliona inatoka kwa mtu mwingine:

"Mama, kwa nini umeloweka mihogo humu?"

"Si kuloweka tu, mwalimu," akanijibu, na bado alikuwa na ile sauti ya mwanafunzi aliyefanya zoezi lake lote. "Niliwapa maziwa."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilikaa chini palepale kwenye matope.

Akaendelea kunieleza, kwa sababu alidhani sikuelewa. Alikuwa amewaita wale wenzake wanane. Akawasimulia habari ya bahari, sufuria, upepo, kifuko cha kiini, siku chache zinazoamua. Akawaambia, bwawa letu halina upepo wa kulikoroga, kwa hiyo ule uozo tutauleta sisi wenyewe. Wakajadiliana ni uozo gani ulio safi. Wakakubaliana hakuna uozo safi kuliko wa mihogo, maana ndio wanaokula wenyewe na watoto wao. Kila nyumba ikaleta kiroba chake, kwa ajili ya vifaranga ambao wenyewe wangekuja kuwachukua Jumamosi. Walivizamisha Jumapili baada ya ibada. Mmoja aliviombea kabisa.

Viroba vinane. Kila familia ilikuwa imeleta chake.

"Kuna kosa?" akaniuliza.

Nimefundisha watu wengi, na huwa sichoki kueleza. Lakini maelezo yale ya asubuhi ile ndiyo mabaya kuliko yote niliyowahi kutoa, kwa sababu nilikuwa nayatoa huku nayasikia kwa mara ya kwanza. Nilimwambia kwamba niliyomsimulia kuhusu bahari yalikuwa kweli, ila yalikuwa nusu. Uozo haugeuki mbolea peke yake. Kuna vijidudu vinavyoula, visivyoonekana, na vijidudu hivyo vinapumua kama sisi. Uozo ukiwa kidogo, vinapumua kidogo, na hewa iliyomo majini inawatosha wote. Uozo ukiwa mwingi, vinazaana kwa maelfu na maelfu, na vinaimaliza ile hewa. Maji yakiwa yametulia na yamepashwa na jua la Septemba, hata hewa yenyewe haishikiki sana. Wa kwanza kukosa ni wadogo. Halafu uchungu wa mihogo ile unaoingia kwenye maji ni sumu. Kama unaweza kumlaza mtu, mfanye mtu huyo awe na ukubwa wa ukucha.

"Hata baharini?" akauliza.

"Hata baharini. Kuna sehemu upepo unapandisha mbolea nyingi mno, vijimea vinajaa, vinakufa, vinaoza, na maji ya eneo zima yanabaki bila hewa. Samaki wakubwa wanakimbia. Wachanga hawana mbio hizo."

"Hilo hukulisema."

"Sikulisema."

Akatazama bwawa. Kisha akasema kitu ambacho mpaka leo kikinijia nikiwa barabarani huwa napunguza mwendo wa pikipiki.

"Kwa hiyo jana jioni, walipokuja juu na midomo wazi. Walikuwa wanatafuta hewa."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikawaita watoto wakawapigia makofi."

Baadaye akaniuliza, bila ukali, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Uko Kasulu miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Ugali unakula wapi?"

"Hapa kwako nimekula mara nyingi."

"Na unga wake ulidhani unatoka wapi?"

Kwetu pwani muhogo ni mtamu. Unamenywa, unachemshwa, unatiwa nazi, mtu anaunywea chai. Hatuloweki. Katika orodha yangu ndefu ya vitu visivyofaa kuingizwa bwawani nilikuwa nimeandika sabuni, dawa za mashamba, mafuta ya pikipiki. Mihogo haikunijia, kwa sababu haikuwa imewahi kuwa tatizo la mtu yeyote nyumbani kwetu.

Kisha mama akasimama, akaonyesha upande wa juu. "Wale pale wanafanya nini?"

Pale mfereji ulipoingiza maji ya kijito, kijimkondo chembamba kisichozidi unene wa mkono, maji yalikuwa meusi. Nikakimbia. Hayakuwa meusi, walikuwa vifaranga hai, wamebanana kichwa kwa kichwa wakielekea kwenye hewa mpya. Kando yao perege wazazi wachache walikuwa wakivuta hewa kwenye uso wa maji. Sitasema walikuwa wengi. Ukilinganisha na waliokuwa wametandaa kama pumba, walikuwa konzi chache.

Tulifungua mfereji wote. Tukavuta viroba saba vilivyobaki, na kila kilichotoka kilileta povu na harufu kali zaidi. Lakini maji ya kubadilisha bwawa lile yasingefika leo wala kesho. Kijito cha kiangazi hakina nguvu hiyo. Ilibidi tuwahamishe walio hai, tena mara moja, na mabwawa mengine yalikuwa ndiyo kwanza yanajazwa, maji hayajapita kifundo cha mguu. Lilikuwepo moja tu lenye maji yanayoingia na kutoka, lililochimbwa kwenye chemchemi. La shemeji yake.

Tulimkuta amesimama kwenye tuta lake ameegemea jembe. Alikuwa ametuona tangu mwanzo.

"Shemeji," mama akasema, "naomba bwawa lako."

"Hili shimo? Juzi uliniambia niwe na subira nalo. Leo unalitaka?"

"Wa kwangu wamekufa. Wachache wamebaki. Maji yako yanatembea."

Akanigeukia mimi. "Bwana samaki, ni kweli?"

"Kweli, mzee. Kosa ni langu, si lake."

"Najua. Yeye hawezi kutunga habari ya upepo wa baharini." Akasukuma jembe ndani ya udongo likasimama lenyewe. "Kwa hiyo mimi niliyekataa tangu mwanzo ndiye nimekuwa hospitali."

"Mpaka Jumamosi tu," nikamwambia.

"Hospitali haina mpaka Jumamosi. Mgonjwa akiingia anakaa mpaka apone au afe. Leteni, wasije wakafia njiani kwa maneno."

Tuliwachota kwa kipande cha chandarua kikuukuu, tukawapeleka kwa ndoo, kidogo kidogo, maji hayazidi nusu ili yatikisike na kushika hewa. Mama hakuniruhusu kubeba ndoo hata moja. Nilishika chandarua tu. Ilipofika saa nne nilikuwa nimelowa mpaka kifuani, na ndipo nikaikumbuka Busunzu.

Nilipiga simu. Mwenyekiti wa kikundi cha kule alipokea akiwa shambani. Nikamuuliza kama kuna mtu ameweka mihogo bwawani.

"Bado," akasema.

"Bado maana yake nini?"

"Tulikubaliana sote, mwalimu, baada ya somo lako. Ila mihogo yetu mwaka huu imechelewa kukomaa. Tulisema tuanze wiki ijayo. Au wiki hii inafaa zaidi?"

Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilimwambia asiweke, nikarudia, nikamwomba arudie na yeye, akarudia kwa mshangao wa mtu anayesikia mwalimu wake akilia. Kumbe mabwawa yote ya Busunzu yalikuwa yamepona kwa sababu mihogo haikukomaa. Wala si kwa sababu ya jambo lolote nililolijua mimi.

Jumamosi watu wote wanane walikuja na ndoo zao. Nilikuwa nimeandaa maneno. Mama akaniambia nikae, yeye ndiye aliyewaitisha viroba, yeye atawaambia. Alizungumza Kiha, haraka kuliko ninavyoweza kufuata, lakini nilielewa kila kitu kwa sababu alitumia mikono. Alikoroga sufuria ya hewani. Alionyesha upepo. Alishika tumbo lake pale palipo na kifuko cha kiini. Kisha akafika kwenye nusu ambayo sikuisema, akaziba pua na mdomo kwa kiganja, akakaa hivyo, akawatazama mmoja mmoja mpaka mzee mmoja akamwambia aondoe mkono, ameelewa.

Hakuna aliyemtukana. Nilitarajia matusi, na kuyakosa kulinishtua zaidi. Walikaa wakatazama ndoo zao. Kiroba cha kila mmoja kilikuwa kimeingia mle.

"Tugawane waliobaki," kijana mmoja aliyeoa karibuni akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Hata kama ni kumi kumi."

"Kumi watakufa kwa upweke," akajibu mwingine.

"Basi tufukie. Mvua hizo zinakuja. Kabichi haina hewa inayokatika."

Ndipo macho yote yakaenda kwa shemeji. Kila mtu alijua yeye ndiye aliyekuwa akingoja siku hii tangu kiangazi. Akifukia yeye, yamekwisha. Alikuwa amekaa kwenye jiwe mbali kidogo, akikwangua tope kwenye jembe kwa kijiti.

"Mimi siwezi," akasema.

"Huwezi nini?"

"Kufukia. Lina wageni." Akaendelea kukwangua. "Tangu Jumatano naamka asubuhi naenda kuwatazama. Mke wangu anasema nimerogwa. Hawajafa hata watano. Nyinyi fukieni kama mnataka, mimi nikifukia nitawaweka wapi?"

Mtu mmoja akacheka. Halafu mwingine. Yule kijana akasema, "Kwa hiyo tunamngoja daktari atupe ruhusa ya wagonjwa," na shemeji akamwambia ndiyo, na foleni inaanzia nyuma. Watatu hata hivyo walichukua ndoo zao wakaondoka, na wiki ile ile mashimo yao yakarudi kuwa matuta ya kabichi, siwalaumu. Watano walibaki, yeye akiwa mmoja wao.

Kisha mama akanigeukia. "Sasa mwalimu eleza tena. Yote. Na sisi tutauliza."

Nikaanza, na sikufika mbali. Waliuliza kila hatua. Je, maganda ya ndizi? Machache, pembeni, ndani ya kizimba cha fito, na uyaangalie. Masazo ya pombe ya ndizi? Nikamuuliza aliyesema hivyo ni kiasi gani. Pipa, akasema, alikuwa ameshaliweka tayari. Majivu? Damu ya mbuzi wa sherehe? Ndugu wa mmoja wao alikuwa amemshauri hivyo. Hakuna lililokuwa swali la kubuni. Kila moja lilikuwa jambo ambalo mtu alikuwa amekusudia kulifanya kwa upendo, kwenye bwawa ambalo mimi ningekuja kulikagua na kushangaa.

Mwishoni kabisa shemeji akauliza lake. Alitaka kujua kuhusu wale wa baharini: siku zile chache zikifika, kiini kimeisha, na upepo umechelewa, au umezidi mpaka hewa imekatika majini, nani anawahamisha?

"Hakuna," nikamwambia.

"Wote wale?"

"Wote wale. Ndiyo maana samaki mmoja hutaga mayai mengi hivyo."

Alikaa akiniangalia kana kwamba nimemtajia msiba wa nyumbani kwetu na nimechelewa kuusema. Kisha akainuka, akasema jua limekuwa kali na maji ya juu yanapata moto, akaenda kukata majani ya migomba ya kulifunika bwawa lake upande mmoja. Wale wanne wengine wakaacha ndoo zao pale kwenye tuta, wakamfuata kwenda kumsaidia kubeba.